Jina Lililoota Kwato Kericho

Kibao cha stesheni ya reli ya Fort Ternan, Kericho, kinamtaja Trevor Ternan, ofisa wa jeshi Mwingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa karne ya 19, eneo hili la Kenya lilipokuwa bado likihesabiwa upande wa Uganda. Lakini tangu Louis Leakey apate hapo, mwaka 1961, mabaki ya Kenyapithecus, sokwe wa kale wa miaka milioni 14 hivi iliyopita, wanasayansi wakisikia Fort Ternan huwaza mifupa. Mwanajeshi amesahaulika ndani ya jina lake mwenyewe.

Kusini ya hapo, Kapkatet, jina jingine la mgeni lilipata maisha mapya, na hilo ndilo lisilonitoka moyoni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika huko na mitambo ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakamwimbia wimbo wa Chemirocha kwa kinubi cha kwao. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefariki 1933 kwa kifua kikuu. Santuri zake zilikuwa zimefika milima ya chai. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwona kama nusu mtu, nusu swala, mchezaji hodari wa ngoma ya kuruka.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa kicheko, kana kwamba wanakijiji walichanganyikiwa na gramafoni. Sikubaliani nao hata kidogo. Nasikia humo washairi wakiwa kazini. Che- ndiyo inayofungua majina mengi ya kike ya Kipsigis: Chebet, Chelangat, Chemutoi mwenyewe. Ndiyo pia inayomfungua Chemosit, zimwi ambalo A. C. Hollis alilieleza katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, mdomo uking'aa usiku kama taa, akiwavuta watu kwa kuimba. Sasa ije sauti isiyo na mwili, inayopanda na kushuka ghafla, na jina lenye mwanzo huohuo. Kwa maoni yangu, sikio lililolelewa na ngano hizo lilikuwa na kila sababu ya kumpa mwimbaji mwili wa nusu kwa nusu. Ila hofu ya zimwi waliiacha, wakamkaribisha ngomani.

Kwao Rodgers jina lake hubeba treni, kwa kuwa alifanya kazi relini kabla ya muziki. Kericho nayo ilikuwa na reli, vilima vichache kaskazini, lakini waimbaji hawakuichukua. Walichukua kwato.

Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet kutoka maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini. Natamani walimu wa fasihi simulizi wa Kericho na Bomet waanzie hapo somo la ushairi, kisha wawatume wanafunzi kuwauliza nyanya zao walikuwa wakimwona nani waliposikia jina Chemirocha.