Kubadilisha kabureta ya Landrova

Kubadilisha kabureta ni kung'oa kabureta ambayo gari lilitoka nayo kiwandani na kufunga ya mtengenezaji mwingine. Kazi hii hufanywa kwenye magari ya zamani, ambayo petroli yake bado huvutwa na pumzi ya injini badala ya kupulizwa na nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Mfano unaojulikana sana ni wa Landrova za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25: inatoka Zenith 36 IV, inaingia Weber 34 ICH. Wenye magari hayo wamebishania jambo hili kwa miongo kadhaa, na wengi huanza ubishi wakiamini kwamba kabureta mpya itaongeza nguvu. Weber 34 ICH haiongezi.

Injini yenyewe ilianza na Series II mwaka 1958. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na katika Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ilitoa nguvu za farasi 70 hivi. Ni injini ya kuvuta mzigo, si ya mbio. Mwanzoni ilifungwa kabureta ya Solex, kisha katika miaka ya 1960 kiwanda kikahamia Zenith. Landrova ziliunganishwa pia Thika, Kenya, katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa mwaka 1974, na ndiyo maana fundi wa rika fulani Afrika Mashariki huweza kuifungua Zenith bila kutazama kitabu.

Ugonjwa wa Zenith unafahamika. Mwili wake umetengenezwa kwa vipande vya madini laini vinavyobanwa pamoja kwa skrubu, na joto la injini likishirikiana na mkono mzito wa fundi huvipinda. Nyuso zilizopaswa kulaliana barabara huacha mwanya, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani hukauka na kusinyaa. Hapo petroli hupata njia ya mkato isiyopitia kwenye jeti, kile kitundu cha kuipimia. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, harufu ya petroli mbichi na, zaidi ya yote, skrubu ya mchanganyiko isiyotii: unaizungusha huku na huku, injini haijali. Dawa si lazima iwe kabureta mpya. Kioo kinene kilichonyooka, msasa laini uliolazwa juu yake, subira ya kusugua uso uliopinda mpaka ung'ae wote, pete mpya na gasketi mpya. Zenith nyingi zilizotupwa jalalani zingefufuka kwa hayo tu.

Wapo wanaochagua Weber hata hivyo, na wana sababu. Edoardo Weber alianzisha kampuni yake Bologna, Italia, mwaka 1923, akitengeneza kabureta za kufungwa kwenye magari ya Fiat yaliyokwisha toka kiwandani. Jina hilo, basi, lilizaliwa katika kazi hiihii ya kubadilisha. Modeli ya 34 ICH ina koo moja na sehemu chache za kuharibika. Namba 34 ni kipenyo cha tundu lake kwa milimita, mahali kinapokaa kipepeo, yaani kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Zenith ni 36. Tundu dogo huifanya hewa ipite kwa kasi zaidi mguu ukiwa mwepesi, petroli ichanganyike vizuri, na gari litumie petroli pungufu kidogo. Lakini mlimani, mguu ukifika sakafuni, tundu hilohilo ndilo linalombana dereva, kwa kuwa injini haipati hewa inayoitaka. Aliyetaka kuokoa petroli atafurahi. Aliyetaka kulipita lori kwenye mlima atajuta. Kuna pia wanaofunga Weber 32/36 yenye makoo mawili, la pili likifunguka baada ya la kwanza. Hiyo inaweza kutoa nguvu, kwa gharama ya petroli na kwa sharti la kuchagua jeti kwa makini.

Ufungaji hauhitaji karakana kubwa. Betri hutenganishwa kwanza, kwa sababu petroli itamwagika. Kati ya kabureta na manifoldi huwekwa bamba la kuunganishia, lenye gasketi juu na chini. Manifoldi husafishwa kabla ya hapo, na wembe unaobandulia gasketi ya zamani usiachie hata kipande kudondokea ndani. Kishingo kinachotoka kwenye kichujio cha hewa huhitaji adapta yake. Fito za kanyagio la mafuta hupimwa na watu wawili: mmoja akikanyaga ndani, mwingine akitazama kama kipepeo kinafunguka chote na, jambo la hatari zaidi, kama kinarudi chenyewe. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta usisahauliwe. Nati hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo kila upande, la sivyo ule ugonjwa wa kupinda utaanza upya kwenye kabureta ya pili.

Kuseti huja mwisho, injini ikiwa imepata moto na choki imefunguliwa. Skrubu ya mchanganyiko hufungwa polepole hadi injini ianze kukohoa, kisha hufunguliwa hadi ikimbie vizuri zaidi, halafu sailensi, yaani mzunguko wa injini mafuta yasipokanyagwa, hushushwa kwa skrubu nyingine. Baada ya safari, plagi husema ukweli: rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi, nyeupe ni njaa. Njaa haipuuzwi, maana huunguza vali.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko Mombasa. Kabureta haijui hilo. Iliyosetiwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi ikifika bara, na anayeishi bara huhitaji jeti kuu ndogo kidogo. Namba iliyogongwa kwenye jeti ya Weber huonyesha tundu kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 140 ni milimita 1.40. Kuitanua jeti kwa waya au sindano, kama ifanyikavyo chini ya miti mingi, ni kuifuta namba hiyo bila kuandika nyingine.

Kabla ya kununua chochote, mafundi waangalifu huanzia kwenye umeme. Kondensa iliyokufa, pointi zilizoungua au taimingi iliyohama huleta kukohoa kulekule inakobebeshwa Zenith, na gasketi ya manifoldi inayovuja hewa itaisumbua Weber vilevile. Madukani zimejaa pia nakala za bei poa za kabureta zote mbili, zenye vipepeo visivyofunga na boya linalokunywa petroli mpaka linazama. Zenith asilia iliyochoka mara nyingi inazishinda. Kwa hiyo wanaong'oa ya kiwandani huifunga kwenye gazeti pamoja na fito zake na kuihifadhi: wanunuzi wa Landrova za zamani huiulizia.