Kifungo cha Chumvi na Kifungo cha Sukari

Katika darasa langu kuna somo moja ambalo wanafunzi hulingoja kila mwaka. Huweka mezani vikombe viwili vya maji safi. Kimoja nimekorogea chumvi, na kingine sukari. Kisha huchovya ndani yake ncha mbili za waya zitokazo katika betri tatu za tochi. Kikombe cha chumvi hutoa mapovu mara moja; cha sukari hukaa kimya. Wala hakosi mwanafunzi wa kuuliza, "Mwalimu, vyote viwili ni vyeupe, na vyote huyeyuka majini, mbona kimoja chaitikia umeme na kingine chakataa?" Swali hilo liliwashughulisha wenye elimu wa Ulaya zaidi ya miaka mia.

Betri ya kwanza ilitangazwa mwaka 1800 na Alessandro Volta wa Italia. Mwaka 1807, mjini London, Humphry Davy aliupitisha umeme wa betri katika potashi, kisha katika soda kali ya kutengenezea sabuni, akapata madini mawili ambayo hakuna aliyepata kuyaona peke yake: potasiamu na sodiamu. Basi watu wakawaza ya kuwa, ikiwa umeme waweza kuvitenganisha vitu, bila shaka umeme ndio uliovifunga tangu awali. Aliyelishika wazo hilo kuliko wote ni Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Alifundisha ya kuwa kila atomu, yaani chembe ndogo ya kila kitu cha asili, ina umeme chanya au hasi, na kwamba vitu huungana kwa sababu chanya na hasi huvutana. Berzelius alikuwa mkuu wa wanakemia wa zama zake, na neno lake likawa kama sheria.

Walakini sheria ile ilikuwa na tundu. Hewa ya haidrojeni ni atomu mbili za namna moja zilizoshikana. Amedeo Avogadro wa Italia alikwisha kuonyesha njia ya kuelekea huko mwaka 1811, lakini kwa Berzelius jambo hilo halikuwezekana, kwa maana wenye umeme wa namna moja husukumana. Maneno ya Avogadro yakawekwa kando karibu miaka hamsini. Kisha katika miaka ya 1830 Mfaransa Jean-Baptiste Dumas akaondoa haidrojeni katika asidi ya siki, akatia klorini mahali pake. Kwa mafundisho ya Berzelius, haidrojeni ni chanya na klorini ni hasi. Basi kitu kile kipya kingalipaswa kugeuka tabia kabisa. Hakikugeuka, kilibaki asidi, tena kikafanana sana na kile cha kwanza. Berzelius alishindana na habari hizo mpaka alipofariki mwaka 1848. Mimi simcheki. Aliushika ukweli wa chumvi, akadhani ni ukweli wa vitu vyote.

Mwaka 1858 Mskochi mmoja, Archibald Scott Couper, alichora mstari mfupi kati ya atomu na atomu kuonyesha kifungo chake. Watu wakauchora mstari huo karibu miaka sitini, pasipo mtu kuweza kusema ni kitu gani.

Kwa upande wa chumvi, Svante Arrhenius wa Sweden alipeleka maandishi yake kwa walimu wa chuo kikuu cha Uppsala mwaka 1884, nao wakampa alama ya chini. Mwaka 1887 alilisema wazi neno lake: chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe zenye umeme, ziitwazo ioni, hata kabla waya hazijatiwa. Mwaka 1903 alipewa tuzo ya Nobel kwa mafundisho yale yale.

Sasa nafika kwa mtu nimpendaye kuliko wote katika habari hizi, maana alikuwa akifanya kazi kama yetu. Mwaka 1902 Gilbert Newton Lewis, kijana wa miaka 26, alikuwa akifundisha kemia ya mwanzo huko Harvard, Marekani. Ili wanafunzi waelewe, aliichora kila atomu kama sanduku lenye pembe nane, akaweka elektroni pembeni. Elektroni ni ile chembe ya umeme hasi aliyoitambua J. J. Thomson mwaka 1897. Atomu, alisema, hutafuta kuzijaza pembe zake zote nane. Karatasi zile hakuzichapisha. Mwaka 1904 alikwenda Manila kusimamia mizani na vipimo, akarudi Marekani, na ndipo mwaka 1916 alipotangaza mawazo yake.

Tazama jinsi yalivyo. Sodiamu ina elektroni 11, na moja imekaa nje peke yake. Klorini ina 17, na saba zi nje. Yapungukiwa na moja. Sodiamu huitoa, klorini huipokea, na kila moja huwa ioni. Kisha huvutana kama alivyosema Berzelius. Mwaka ule ule Walther Kossel wa Ujerumani aliyaeleza hayo. Lakini katika sukari, kaboni, haidrojeni na oksijeni hazipeani kitu. Hushirikiana elektroni mbili mbili, kama watu wawili wenye shamba la ubia. Mstari wa Couper ulikuwa ni jozi ya elektroni! Irving Langmuir alikipa kifungo hicho jina la kovalenti mwaka 1919. Maji ya sukari hayana ioni za kuchukua umeme, ndiyo sababu kikombe chake hunyamaza.

Wazee hawakuridhika upesi. Mwaka 1913 kijana Lawrence Bragg alikwisha kuonyesha kwa miali ya eksirei ya kuwa katika punje ya chumvi hakuna sodiamu iliyooana na klorini moja. Kila moja imezungukwa na sita za mwenziwe. Henry Armstrong wa Uingereza alikuwa bado akiyadhihaki hayo gazetini mwaka 1927. Na kati ya vifungo hivi viwili hakuna ukuta: Linus Pauling alionyesha mwaka 1932 ya kuwa katika ubia mwingi mmoja huvutia jozi upande wake, kama klorini ifanyavyo ikishirikiana na haidrojeni.

Lewis alipendekezwa zaidi ya mara 40 kwa tuzo ya Nobel, asipewe. Alifariki mwezi wa Machi 1946, ndani ya maabara yake huko Berkeley. Nukta mbili alizoziweka kati ya atomu na atomu ndizo ninazozichora ubaoni, vikombe vikiisha kuondolewa mezani.