Waliolala Kwingine

Karani wa sensa Tanzania hakuulizi kabila lako. Mara ya mwisho swali hilo liliulizwa mwaka 1967, babu yangu akiwa kijana, na alijibu bila kusita: Msukuma, Mnyantuzu wa Bariadi. Baada ya hapo likaondolewa. Taifa changa halikutaka makabila yaanze kuhesabiana, na naona lilikuwa na busara. Marekani bado huuliza rangi na asili kila miaka kumi, kwa hiyo muundo wa jimbo unausoma moja kwa moja kwenye jedwali. Ukitaka kuijua Simiyu, itabidi uisome kwa kuzunguka, kupitia swali lingine: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?

Mkoa wetu ulizaliwa Machi 2012. Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima zilitoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza. Miezi mitano baadaye tukahesabiwa: watu 1,584,157. Kaya moja ilikuwa na wastani wa watu 6.9, miongoni mwa kaya kubwa kabisa nchini; wastani wa taifa haukufika watano. Mkoa wa namna hiyo ulitakiwa kuvimba. Lakini kati ya 2002 na 2012 idadi yetu iliongezeka kwa asilimia 1.8 tu kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa 2.7.

Watoto walizaliwa. Walikua, wakaondoka.

Na hawakuanza juzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliitazama Usukuma wakaona watu na ng'ombe wamezidi ardhi, wakaanzisha mpango wa maendeleo uliofungua mapori, Geita ikiwemo, ili familia zihamie. Pamba nayo ikala malisho. Mwenye kundi kubwa akawa na njia mbili: auze mifugo au aiswage. Wengi waliswaga, kwanza magharibi, kisha kusini, hadi Rukwa, Katavi na bonde la Usangu. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, na wengi wakaishia Lindi na Pwani. Neno "sukuma" kwa Kisukuma ni kaskazini, jina tulilopewa na majirani walioishi kusini yetu. Leo kuna watu wa kaskazini waliozaliwa Kilwa.

Safari hizo zimeacha alama kwenye takwimu za jinsia. Mwaka 2012 Simiyu ilikuwa na wanawake 824,266 na wanaume 759,891. Pengo ni watu 64,375. Halielezwi lote na ng'ombe, lakini nawajua baadhi ya waliomo. Mjomba wangu mmoja alihesabiwa Mpanda na mke wake mdogo. Mke mkubwa alihesabiwa kwao Itilima kama mkuu wa kaya, akiwa na watoto saba na shamba la pamba. Kwenye jedwali hizo ni kaya mbili zisizojuana. Kwetu ni mji mmoja, na shauri la kuuza dume linasubiri simu kutoka Mpanda.

Kuna upande mwingine wa ukimya huu unaonisumbua zaidi. Meatu, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe na Wataturu. Msukuma asipoulizwa kabila hapotezi kitu, maana sauti yake inasikika kila soko la mkoa huu. Mhadzabe anapoteza. Pori lake likijadiliwa kwenye vikao, hana hata safu ya takwimu ya kuonyesha kwamba yupo. Swali lililofutwa ili wakubwa wasitambiane limewafuta wadogo pia, na hilo sijaona linazungumzwa sana huku kwetu.

Sensa ya 2022 ilikuta watu 2,140,497. Kasi imepanda hadi karibu asilimia 3 kwa mwaka, jirani kabisa na ya taifa, 3.2. Mwaka 2012, kwa kila wanawake 100 tulikuwa na wanaume 92. Sasa ni 94. Makao makuu ya mkoa yameleta ofisi, vibanda na bodaboda Bariadi, hiyo ni sababu mojawapo. Nyingine, nadhani, ni kwamba kusini kumeanza kujaa na mapori mengi yamefungwa. Vijana wanalala nyumbani zaidi kuliko walivyolala wajomba zao, na shamba la babu, lililogawanywa mara mbili, mwaka huu linapimwa kwa kamba mara ya tatu.