Daftari la Parokia, Daftari la Ubatizo

Anayetafuta ukoo wake katika kijiji cha Uingereza huanza na kitabu ambacho kwa Kiswahili tumezoea kukiita rejista ya parokia. Tafsiri si mbaya. Ila msomaji wa Satellite au Riruta hapa Nairobi akiisikia huwaza kanisa lake la Jumapili, ilhali parokia ya kule ilikuwa kwanza kipande cha ardhi.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kasisi aandike kila wiki ubatizo, ndoa na maziko ya parokia yake. Kitabu kilitunzwa katika sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja wa kasisi, mwingine wa wazee wa kanisa. Tangu 1598 nakala ilipelekwa kwa askofu kila mwaka, nayo huwaokoa watafiti pale panya walipotangulia. Na kwa kuwa parokia hiyohiyo ndiyo iliyolisha maskini wake, tajiri na kibarua waliishia kitabu kimoja, hadi serikali ilipoanza kusajili vizazi na vifo yenyewe mwaka 1837.

Huku kwetu mambo yalikwenda vingine. Wamisheni wa Kiskoti walifika Dagoretti 1898, kisha wakahamia Thogoto. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha St. Austin's 1899, si mbali na Kawangware ya leo. Vitabu vyao viliandika walioongoka tu. Jirani aliyeshika mila zake hayumo, hata kama shamba lake lilipakana na misheni. Watu wa eneo zima walihesabiwa na chifu, aliyekuwa akidai kodi ya nyumba.

Ndiyo maana kwa vitabu vya huku napendelea jina daftari la ubatizo, na lile la daftari la parokia niwaachie Waingereza. (Rejista nayo inanikumbusha mno mwalimu akiita majina asubuhi.)

Mtu anayejulikana zaidi katika vitabu vya Thogoto ni Kamau wa Ngengi, aliyebatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone Kamau, baadaye Jomo Kenyatta. Siku aliyozaliwa haijulikani, alipobatizwa panajulikana. Hapo ugumu mwingine unajitokeza. Mwingereza hufuata jina la ukoo ukurasa hadi ukurasa. Kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, basi Njoroge wa Mwangi humzaa Mwangi wa Njoroge, naye humzaa Njoroge mwingine. Bila jina la mama, la mbari au la rika, huwezi kujua umemshika babu au mjukuu.

Parokia lenyewe ni neno la Wakatoliki. Waanglikana na Wapresibiteri wa Kenya husema parishi, Walutheri usharika. Parishi ya Kipresibiteri hukusanya makanisa kadhaa. Parokia ya Kikatoliki ina vigango, na hapo ndipo wengi hupotea: mtoto hubatizwa kigangoni, jina huandikwa parokiani.

Mpangaji wa Satellite anayetaka kufunga ndoa Kanisa Katoliki huagizwa cheti kipya cha ubatizo kutoka ushago, hata kama anacho cha zamani kilichotiwa plastiki. Wengi hudhani ni usumbufu wa ofisi. Sababu ni kanuni iliyoletwa na amri ya Kanisa iitwayo Ne Temere, ya 1907, iliyoanza kutumika 1908: ndoa ya Mkatoliki huandikwa pambizoni mwa jina lake, katika kitabu cha mahali alipobatizwa. Cheti kipya huonyesha kama pambizo bado ni tupu.

Kwa mtafuta ukoo, pambizo hilo lina faida zaidi kuliko mstari wenyewe. Kitabu cha kijiji cha Kiingereza kilimpoteza mtu alipohamia mjini. Cha Busia au Kisii humfuata hadi Nairobi, mradi padre aliyefungisha ndoa alikumbuka kutuma taarifa. Kwa hiyo usianze kwa kumuuliza shosho waliishi wapi; muulize alibatizwa wapi, na kigango chake kilikuwa chini ya parokia gani wakati ule.