Sarafu za Fedha za Ukumbusho za Kazakhstan

Hutolewa na Benki ya Taifa ya Kazakhstan. Nyingi ni za tenge 500, zikiwa na fedha ya kiwango cha 925 kwa 1000. Kisheria ni pesa halali, lakini nani atazinunulia mkate? Madini yaliyomo katika sarafu ya gramu 31.1 yana thamani kubwa kuliko tenge zilizoandikwa juu yake. Kazi yake hasa ni kusimulia: moja huonyesha kyz kuu, mchezo ambamo kijana humfukuza msichana kwa farasi, na kijana akishindwa kumfikia, huchapwa naye mjeledi. Wapo wasemao ni biashara ya wakusanyaji tu. Zinauzwa, kweli, tena ghali. Ila biashara peke yake haielezi kwa nini nchi iliyoanzisha tenge mwaka 1993, ikiachana na rubli, ichore mila za wafugaji wa nyika.