Maji, ndoo na rejeta ya gari: Namna watu wanavyonyamazisha kompyuta za nyumbani

Ni saa sita usiku. Nyumba imelala na mtaa umetulia, ila kwenye kona ya chumba kompyuta inavuma utadhani feni ya dari iliyolegea. Unarekodi sauti, na kila sentensi inaingia na huo mvumo nyuma yake. Kama mnalala chumba kimoja na mtoto mchanga, ndio kabisa.

Wengi hubadilisha feni tu na maisha yanaendelea. Lakini kuna watu wameamua kuachana na feni. Wametumia pampu ya tangi la samaki, hita ya gari bovu, ndoo ya maji, na wengine wamezamisha kompyuta nzima kwenye mafuta ya kupikia.

Baadhi ya njia hizi zinafanya kazi vizuri ajabu. Nyingine zinaua kompyuta, na zipo zinazoweza kukuua wewe.

Kelele inatoka wapi?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa unatoka ukiwa joto. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki, ikiwa kazini, inaweza kula wati 200, 300 au zaidi. Hiyo ni sawa na balbu mbili tatu za zamani za wati 100 kuwaka ndani ya boksi moja.

Prosesa nyingi za sasa zikikaribia nyuzi joto 100 zinajipunguza kasi zenyewe. Hali ikizidi, kompyuta inazima. Kwa hiyo joto lazima litoke.

Shida ni kwamba hewa inabeba joto kidogo sana. Maji ya ujazo uleule yanabeba takriban mara 3,500 ya hewa. Feni inalazimika kusukuma hewa nyingi kwa kasi, na hiyo kasi ndio kelele unayoisikia. Maji yanaweza kutembea polepole na kazi ikafanyika.

Ila maji hayamezi joto likapotea. Yanalihamisha tu, kutoka kwenye prosesa kwenda sehemu nyingine. Ukiona mtambo wowote wa aina hii mtandaoni, jiulize swali moja: joto linaishia wapi? Kama jibu ni "humohumo chumbani", chumba kitapata joto kama kawaida, hata kama kipo kimya.

Hita ya gari na pampu ya samaki

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vifaa vya kupoza kompyuta kwa maji havikuwa rahisi kupatikana dukani kama leo. Watundu wa Marekani na Ulaya wakaenda kwenye maduka ya vipuri vya magari.

Walichokitaka hakikuwa rejeta kubwa ya mbele. Walitafuta ile ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, inayopasha abiria joto wakati wa baridi. Ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977 ilipata umaarufu wa aina yake: ni ndogo, inapitisha maji kwa urahisi, na ina eneo kubwa la kutolea joto.

Pampu ilitoka duka la samaki wa mapambo. Pampu za kampuni ya Kijerumani Eheim zilipendwa kwa sababu zimetengenezwa kufanya kazi usiku na mchana, miaka na miaka, kwenye sebule ya mtu bila kumsumbua. Juu ya prosesa kilifungwa kipande cha shaba chenye njia za maji ndani, ambacho watu wanakiita bloku. Mipira ikaunganisha vyote vitatu.

Eneo la rejeta likiwa kubwa vya kutosha, feni inaweza kuzungushwa taratibu sana, au isiwepo kabisa. Kampuni ya Zalman ya Korea Kusini iliichukua fikra hiyo ikaiuza ikiwa tayari: Reserator 1, mnara wa aluminiamu wenye urefu wa karibu sentimita 60, unaobeba lita 2.5 za maji na hauna feni hata moja. Unausimamisha pembeni ya meza kama jagi refu la chuma, na joto linatoka lenyewe.

Mwaka 2015 Linus Sebastian, mtengeneza video maarufu wa Canada, alipitisha mabomba ya maji kwenye chumba kizima cha wahariri wake ili kompyuta kadhaa zitumie mfumo mmoja. Mradi ulimsumbua sana, lakini wazo la msingi ni zuri: rejeta ikikaa nje ya ukuta, kelele na joto vyote vinabaki nje.

Ndoo ya maji inatosha?

Hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa. Ndoo ya kawaida ya lita 20 inaweza kupoza kompyuta bila rejeta wala feni, kwa muda.

Hesabu yake iko hivi. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji takriban jouli 4,186. Ndoo ya lita 20 inahitaji jouli kama 83,700. Kompyuta inayotoa wati 200, yaani jouli 200 kila sekunde, itachukua karibu dakika 7 kupandisha ndoo hiyo kwa nyuzi 1.

Ukianza na maji ya nyuzi 25, utafika 45 baada ya saa 2 na dakika 20 hivi. Kiuhalisia itachukua muda zaidi, kwa sababu ndoo nayo inapoteza joto kwenye hewa inayoizunguka. Kwa mtu anayerekodi kipindi cha saa moja, hiyo inatosha na kubaki.

Pipa la lita 200 linakupa mara 10 yake, zaidi ya saa 23. Tumia kompyuta saa nane kwa siku, liache pipa lipoe usiku kucha kwenye kivuli, na huenda usihitaji kitu kingine. Tatizo ni nafasi. Pipa hilo likijaa lina uzito wa kilo 200, kwa hiyo usiliweke kwenye sakafu ya mbao au ghorofani bila kufikiria.

Mipaka ipo. Mipira na pampu nyingi za kompyuta hazitakiwi kupitisha maji yaliyozidi nyuzi 60. Pampu za samaki ndio zaidi, zimetengenezwa kwa maji ambayo samaki anaweza kuishi.

Ujanja wa mtungi

Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua kwamba yanapoa bila friji. Maji kidogo yanapenya kwenye udongo, yanageuka mvuke juu ya uso wa mtungi, na mvuke huo unaondoka na joto.

Watundu wa kompyuta walifanya hivyohivyo kwa bomba nene la plastiki lililosimamishwa wima. Maji ya moto kutoka kwenye kompyuta yanamwagwa juu kwa kichwa cha bafu, yanadondoka kama mvua, hewa inapanda kutoka chini, na maji yanafika chini yakiwa yamepoa. Minara ya kupozea ya viwandani inatumia kanuni hiyo.

Uzuri wake ni kwamba maji yanaweza kupoa hata kuliko hewa ya chumba, kitu ambacho rejeta haiwezi. Ubaya ni matumizi ya maji. Wati 200 zikitoka zote kwa njia ya mvuke, unapoteza karibu theluthi moja ya lita kila saa, lazima uongeze. Vumbi na wadudu wanaingia. Na sauti ya maji yanayodondoka sio kimya.

Kingine, mtambo huu unapenda hewa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi utafanya kazi nzuri. Mombasa au Tanga, ambako hewa yenyewe imeshajaa unyevu, utapata nafuu ndogo tu.

Kuzamisha kompyuta kwenye mafuta

Hii ndio inayovutia macho, na sio ya kubuni. Mwaka 1985 kampyuta kuu ya Cray-2 ilitoka kiwandani ikiwa na saketi zake zimezama kwenye Fluorinert, kimiminika cha 3M kisichopitisha umeme. Ni cha bei mbaya, na sio cha kuchezea nyumbani.

Januari 2006 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware likajaribu toleo la jikoni: galoni 8 za mafuta ya kupikia, karibu lita 30, kompyuta ndani. Iliwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani ya Puget Systems ikaonyesha kompyuta ndani ya tangi la samaki lililojaa mafuta ya madini, jamaa wa karibu wa mafuta ya kupaka watoto.

Inawezekanaje? Mafuta safi hayapitishi umeme, kwa hiyo hayaleti shoti. Yanazunguka kila kifaa na kubeba joto kutoka kila upande.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mafuta ya kupikia yanachacha na kunuka. Ya madini hayachachi, lakini kwa uzito uleule yanabeba chini ya nusu ya joto la maji, na ni mazito, hayazunguki haraka. Tangi lisilo na rejeta linapanda joto polepole kwa saa nyingi, mpaka siku moja ya kazi nzito linakushinda.

Mafuta pia hupanda kwenye nyaya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Unaamka asubuhi unakuta meza imelowa. Plastiki za nyaya zinakakamaa. Diski ngumu ya zamani yenye sahani zinazozunguka haitakiwi kuzama kabisa, kwa sababu nyingi zina tundu dogo la hewa na mafuta yataingia. SSD haina shida hiyo.

Na siku ukitaka kubadilisha RAM? Utaelewa kwanini wengi huifanya mara moja tu.

Vipi kuhusu barafu?

Usifanye. Kuweka barafu kwenye ndoo kunapendeza kwenye video, ila hewa ina maji ndani yake. Kitu kikiwa baridi kuliko kiwango fulani, maji hayo yanaganda juu yake kama matone, kama yale ya nje ya chupa ya soda.

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo mtu wa Dar es Salaam anaijua vizuri, inaanza kutoa matone kwenye kitu cha nyuzi 25. Yaani hata maji ya bomba yaliyopoa kidogo tu yanaweza kulowesha bloku kwa nje, na matone yanashukia kwenye mazabodi. Hakuna mpira uliopasuka, hakuna kilichovuja, na bado kompyuta imekufa.

Mambo manne yanayoharibu

La kwanza ni kuchanganya metali. Bloku nyingi ni za shaba, rejeta nyingi za magari ya sasa ni za aluminiamu. Ukiziunganisha kwa maji yaleyale unakuwa umetengeneza betri, na aluminiamu ndio inayoliwa. Tafuta rejeta ya shaba, kama zile za magari ya zamani.

La pili ni mwani. Maji ya bomba kwenye mpira unaopitisha mwanga yatageuka kijani. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri ya gari, lakini hakikisha sio ile tindikali inayouzwa pembeni yake. Ongeza dawa ya kuzuia mwani na kutu. Usidanganyike kwamba maji hayo yakivuja hayana madhara. Maji safi hupitisha umeme kidogo mno, ila yakishazunguka kwenye metali na kugusa vumbi, usafi huo umekwisha.

La tatu ni kulanti ya gari. Inazuia kutu vizuri, lakini nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Nyumba yenye mtoto au paka na ndoo isiyo na kifuniko ni hatari.

La nne, na hapa watu wanalegea sana, ni pampu ya samaki inayotumia umeme wa ukutani. Hiyo ni volti 230 au 240 ndani ya maji. Waya wake ukichubuka, ndoo nzima inakuwa na umeme. Pampu ya volti 12 inayochukua umeme kwenye pawasaplai ya kompyuta ni salama zaidi, na ina faida nyingine: inawaka na kuzima pamoja na kompyuta. Ukilazimika kutumia ya ukutani, chomeka kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja, na chomoa kabla ya kuingiza mkono.

Hata viwanda vikubwa vimeonja hili. Apple iliweka mfumo wa maji kwenye Power Mac G5 ya mwaka 2004, na miaka ya baadaye baadhi ya mashine hizo zilivuja na kula saketi zake.

Kabla hujamwaga tone

Ukishafunga kila kitu, washa pampu peke yake, kompyuta ikiwa imezimwa, tishu nyeupe zikiwa zimezungushwa kwenye kila kiungo. Acha saa 24. Tishu ikilowa, kaza na uanze kuhesabu upya.

Weka pampu juu ya kipande cha godoro. Mtetemo wake ukigusa meza ya mbao, meza inakuwa spika na kazi yote ya kutafuta ukimya imepotea. Ndoo ikae chini kuliko kompyuta, ili kiungo cha kwenye ndoo kikiachia, maji yasimwagikie kwenye saketi.

Na kabla ya yote hayo, fungua kompyuta uliyonayo upulize vumbi, halafu ingia kwenye mipangilio upunguze kikomo cha wati za prosesa na kadi ya grafiki. Kasi inayopotea mara nyingi ni ndogo kuliko wati unazookoa. Feni moja kubwa ya milimita 140 inayozunguka taratibu inaweza kumaliza ishu yote, na haihitaji ndoo.