Utaridi Kuhamishwa: Istilahi za Falaki katika Kiswahili

Zimo orodha za msamiati zilizotumiwa katika shule za Kenya ambamo Utaridi ni jina la Pluto, Kausi ni Neptune, na sayari iliyo karibu mno na jua huitwa Zebaki. Mwalimu wa falaki wa Lamu au wa Unguja katika karne ya 19 asingeielewa orodha hiyo, ijapokuwa maneno yake karibu yote angeyajua. Kwake Utaridi ndiyo hiyo iandamanayo na jua. Kausi si sayari kamwe. Nayo zebaki ni madini ya majimaji.

Mageuzi hayakuanzia shuleni. Neno falaki katika Kiarabu lilikuwa na maana ya duara ambamo nyota hupitia. Elimu iliyotokana nalo ilikuwa na matawi mawili, hesabu za mwendo wa nyota na hukumu zitolewazo kwa mwendo huo, na wanazuoni wa Kiarabu waliyatenga kwa majina. Kiswahili kiliyakusanya chini ya neno moja, hata kamusi ya Johnson ya 1939 ikayapa matawi yote mawili nafasi chini ya falaki. Tena wasemaji waliliambatanisha neno hilo na kitenzi piga: kupiga falaki, kama kupiga ramli na kupiga bao. Kitenzi hicho chatosha kuonyesha jinsi elimu hiyo ilivyotazamwa.

Wala mpiga falaki hakulazimika kuinua macho mbinguni. Kwa njia iliyoenea sana, ile ya vitabu vinavyonasibishwa na Abu Mashari, herufi za jina la mtu na za jina la mama yake zilipewa thamani zake za abjadi, zikajumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki ikaonyesha buruji. Jibu la swali la “nyota yake nini?” likawa Mizani, au Asadi, au Hutu. Basi nyota katika ufundi huu haikuwa nyota ya angani bali buruji, na kutoka hapo ikawa majaaliwa ya mtu. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu ambao hawajapata kuliona jedwali la abjadi.

Sayari asili yake ni “zenye kwenda”, nazo zilikuwa saba: Kamari, Utaridi, Zuhura, Shamsi, Mirihi, Mushtari na Zuhali. Mwezi na jua zilihesabiwa humo kwa sababu nazo zaonekana kwenda. Zuhali ilikuwa nuhusi kubwa na Mirihi nuhusi ndogo. Mushtari ilikuwa sudi kubwa, Zuhura ndogo. Nuhusi na sudi, ambazo leo ni mkosi na bahati tu, zilikuwa istilahi zenye vipimo. Dunia haikuwa sayari, maana ndipo mahali aliposimama mwenye kutazama.

Sayansi ya shule iliwatoa jua na mwezi, ikaiingiza dunia. Hili ndilo geuzo kubwa kuliko yote, na ajabu ni kwamba halikuleta tatizo lolote la lugha: neno lilibaki, mpaka wake ukahama. Tatizo lilizuka kwa Uranus ya 1781, Neptune ya 1846 na Pluto ya 1930, ambazo falaki ya kale haikuzijua. Kiingereza kina neno moja kwa sayari ya kwanza na kwa zebaki. Yaelekea mfasiri alilitafsiri la madini, Utaridi ikabaki bila kazi, ikapelekwa mwisho wa safu. Kausi, yaani upinde, buruji ya 9, ikapewa Neptune. Sarateni, ambayo ni kaa, buruji ya 4, ikawa Saturn, pengine kwa kufanana sauti tu na jina la Kizungu. Zohali yenyewe ikasukumwa hadi Uranus.

Hasara yake yaonekana mbele ya hati za kale. Mwanafunzi akisoma kwamba Kamari imo katika Kausi atadhani mwezi umekutana na Neptune, katika maandishi ya watu ambao hawakupata kuisikia Neptune. Akisoma kwamba imo katika Akrabu, wakati ulioepukwa kwa ndoa na safari, hatapotea, kwa kuwa hakuna aliyeiazima Akrabu.

Orodha nyingine zimeirudisha Utaridi mahali pake na kuandika Uranusi na Neptuni kwa matamshi ya Kiswahili. Njia hii haina madaha, lakini haimnyang’anyi mtu neno lake. Na mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipoitoa Pluto katika idadi ya sayari, mwenye kufuata ile orodha ya kwanza alilazimika kufundisha kwamba Utaridi si sayari tena.